Wakuu, kuchagua gemu ya kwanza kwa kufuata tunu zako: ni njia ya kweli au kisingizio cha kutoanza?

#1 KeteNane
Habari wakuu. Niende moja kwa moja.

Nina miaka mitatu najifunza kutengeneza gemu, hapa Tanga, kwa laptopu ya mtumba na bando la usiku. Kwenye mashine kuna mafolda matatu. La kwanza ni bodaboda anayekwepa mashimo na trafiki. La pili ni mazombi Kariakoo. La tatu ni Vita ya Maji Maji yote, kuanzia Kinjekitile na maji yake mpaka Wajerumani wanachoma mashamba. Hiyo nimeiandikia kurasa 40 za hadithi na mhusika wangu hajui hata kuruka. Hakuna niliyoimaliza.

Mwezi uliopita jamaa mmoja akaniambia tatizo langu si ujuzi, ila nachagua kwa kuchungulia watu wanapakua nini. Akanipa zoezi. Andika maneno 30 ya vitu unavyovithamini maishani, futa mpaka yabaki 10, futa tena mpaka matatu. Kisha kila wazo la gemu lipite hapo, na lisilogusa hata neno moja litupwe. Nimefanya. Yamebaki: wazee, utulivu, na kutomla mtu (yaani sitaki gemu ya kumkamua mtoto hela kwa hila). Mazombi yalikufa papo hapo. Bodaboda ikafuata. Maji Maji inapumulia mashine. Lakini likaibuka wazo ambalo sikuwahi kuliandika popote: bao. Babu yangu ana miaka 81, wenzake wa barazani wamekwisha, hana wa kucheza naye.

Swali: kuna aliyechagua gemu yake ya kwanza hivi na akaimaliza? Au najidanganya na karatasi?

#2 Siti_ya_Mbele
Nimeweka mkeka. Waje wataalamu.

#3 Ngedere_wa_Muheza
Mtoa mada, wewe unatafuta mchumba, si gemu.

Mwanafunzi wa seremala hapewi kitanda cha bibi harusi. Anapewa stuli, akiiharibu mbao zinapikia chai. Tengeneza kampira kanakogonga kuta. Tengeneza nyoka anayekula vidoto. Wiki mbili kila moja, zimalize, zitupe. Tunu utazitafuta ukishajua msumari unaingiaje. Babu mpelekee stuli ya tano, si ya kwanza.

#4 BintiShomari
Ngedere nakuheshimu, ila mimi stuli nilianza nne na zote zimekufa na miguu miwili. Siku ya nne nilikuwa najiuliza huyu nyoka ananihusu nini, nafunga laptopu naenda kulala.

Niliyoimaliza ni gemu ya saa. Mdogo wangu anafundishwa shuleni saa za Kizungu, mama nyumbani anamwambia "urudi saa kumi na mbili", mtoto anarudi kaduwaa anadhani ni mchana wa jua kali. Nikatengeneza saa ya ukutani yenye mishale unayoisogeza kwa kidole, jogoo anawika saa kumi na moja, mama anaita saa kumi na mbili. Sauti ya mama nilimrekodi chini ya blanketi ili kelele za pikipiki zisiingie. Picha mbaya mno. Nilitumia wiki 6 na nilimaliza, kwa sababu kila jioni dogo alikuwa anauliza "dada jogoo yuko wapi?"

Halafu mkumbukeni Eric Barone wa Stardew Valley, ile gemu ya shamba. Peke yake, miaka minne na nusu, mpaka Februari 2016 inatoka. Mtu havumilii hivyo kwa stuli. Alipenda gemu za kilimo tangu utotoni, akafuata anachokithamini.

#5 Mhasibu_wa_Pikseli
Binti, nusu ya hadithi hiyo ndiyo. Nusu ya pili inamfaa Ngedere.

Barone alipomaliza chuo mwaka 2011 alikosa kazi, akaanzisha ile gemu kama mazoezi ya kunoa C#, lugha ya kuandikia programu, ili apate ajira. Hakukusudia miaka minne na nusu, alidhani ni kazi ya miezi. Jioni alikuwa akiongoza watu kwenye viti katika ukumbi wa maonyesho Seattle, na mpenzi wake akasaidia kubeba gharama. Kwa hiyo ilianza kama stuli, ikamkolea mkononi. Sasa tunu zilitangulia kazi au zilizaliwa ndani ya kazi? Mimi nasema zilizaliwa ndani.

#6 BintiShomari
Mazoezi ya C# yapo elfu. Angeweza kutengeneza kikokotoo. Kwa nini alichagua shamba?

#7 Mhasibu_wa_Pikseli
Hapo umenikaba.

#8 Mwana_Darajani
Assalaam alaykum. Mie nasema mnalitazama jambo kinyume. Tunu hazikwambii ufanye nini. Zinakwambia ukatae nini, basi.

Mwaka juzi nilipata kazi kupitia mtu, malipo mazuri, nusu kwanza. Wakanambia ni "gemu ya ndege". Nikafurahi, ndege zinaruka, watoto watapenda. Nilipoletewa maelezo nikaona: ndege inapanda, namba inapanda, unabonyeza kutoa hela kabla haijapotea. Kamari, bwana. Nilikuwa nshalipa kodi ya miezi mitatu kwa ile nusu. Nikarudisha kidogo kidogo kwa miezi mitano, mke wangu hakunisemesha vizuri mwezi mzima.

Baada ya hapo ndo nikatengeneza gemu yangu ya kwanza ya kweli, ya kulinganisha majina ya samaki na picha zake: changu, pono, tasi, kolekole. Haikutoka kwenye karatasi yoyote. Ilitoka kwenye hasira.

#9 Siti_ya_Mbele
Jamani mkeka wangu wa #2 ni wa kukalia, si wa kubeti. Mwana Darajani asinihukumu.

#10 Mwana_Darajani
Kaa tu shekhe, nimeona nia yako.

#11 Msee_wa_Rongai
Niaje wakuu, salamu kutoka Nairobi. Mnaongea vizuri lakini huku kodi ya nyumba haingoji tunu. Maadili ni ya mtu ambaye ameshakula.

Angalieni Dong Nguyen wa Vietnam. Flappy Bird aliitoa 2013, kitu rahisi kabisa, kandege na mabomba. Mwanzo wa 2014 ikaripotiwa inamwingizia dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo. Hapo ndipo dhamiri ikaamka akaiondoa. Kama angeanza na karatasi ya maneno 30 hiyo gemu isingezaliwa.

#12 Kijani_Kibichi
Hiyo ya dhamiri ni chai. Aliiondoa kwa sababu Nintendo, wenye gemu ya Mario, walimshtaki kwa yale mabomba ya kijani kama yao.

#13 Mhasibu_wa_Pikseli
Kijani, si kweli. Uvumi huo ulikuwepo, na yeye mwenyewe alisema haihusiani na mambo ya sheria. Alichoeleza ni kwamba watu walikuwa hawawezi kuiacha na yeye maisha yake yamevurugika. Iliondoka Februari 2014.

Msee, ukiisoma tena hadithi yako inakupinga kidogo. Yule aliitengeneza apendavyo, gemu fupi ya mtu mwenye mkono mmoja huru. Mashabiki ndio walioigeuza kitu kingine. Tunu ya "kutomla mtu" inavunjikaje wakati hujamlazimisha mtu? Sina jibu.

#14 Msee_wa_Rongai
Jibu ni dola elfu hamsini kwa siku bana.

#15 Luku_Imeisha
Wakuu, zoezi la maneno 30 lina tatizo. Kila mtu ataandika familia, uaminifu, amani, kama anajaza fomu ya kipaimara. Hakuna atakayeandika "napenda kusifiwa".

Mimi nashauri hivi. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu. Ulikotuma hela, ndiko tunu zako zilipo. Halafu angalia simu inakwambia umetumia saa ngapi wapi. Linganisha na karatasi. Mtoa mada thubutu uturudie.

#16 KeteNane
Luku, umeniumiza.

Nimefanya jana usiku. Nilikotuma sana ni kwa mama, hiyo ninaitembeza kifua mbele. Ya pili, bando. Ya tatu, sitaki kuisema ila ni chipsi mayai. Kwa babu, ninayedai ni tunu namba moja: muamala MMOJA, elfu tano, siku ya Idi.

Na muda? Video za mpira.

#17 Ngedere_wa_Muheza
Basi gemu yako ya kwanza ni chipsi mayai. Mchezaji anageuza kabla haijaungua. Wiki mbili. Hii ni stuli safi kabisa na inapita kwenye mchujo wa Luku.

#18 BintiShomari
😂😂 Ngedere ameshinda uzi.

Ila KeteNane usikate tamaa. Hela si kipimo pekee. Babu huwezi kumtumia uwepo kwa simu.

#19 Luku_Imeisha
Ndiyo maana nikasema na muda, Binti. Ameenda kumtembelea mara ngapi?

#20 KeteNane
Mara mbili. Mwaka huu.

#21 Mwalimu_Mstaafu
Vijana, hongereni kwa mjadala. Nina neno kuhusu neno. Mnatumia "tunu", "maadili" na "thamani" kama mapacha watatu. Thamani ni bei au uzito wa kitu. Maadili ni mwenendo unaotakiwa na jamii, hata kama wewe huupendi. Tunu asili yake ni kitu adimu, zawadi unayomwekea mtu umpendaye, "nimekuletea tunu". Mtoa mada anapomtengenezea babu bao, hiyo ni tunu kwa maana ya zamani kabisa. Mwana Darajani alipokataa kamari, yale yalikuwa maadili. Labda ndiyo maana hamwelewani.

#22 Mwana_Darajani
Mwalimu, nakupa mkono. Ila mie kamari siipendi pia, si jamii tu.

#23 Kando_ya_Nile
Salamu kutoka Uganda. Hamjamtaja Lual Mayen. Mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu kumnunulia laptopu ya dola 300, na kuichaji Mayen alikuwa anatembea masaa. Gemu yake ni Salaam, maana yake amani. Aliyaona ya vita, akataka vijana wacheze kitu cha amani. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards kule Marekani. Huyo alianza na tunu, na alikuwa hana hata soketi.

#24 Kijani_Kibichi
Huyu si alikuwa Kakuma, Kenya?

#25 Kando_ya_Nile
Hapana ndugu, kaskazini mwa Uganda, huku kwetu.

Na jambo moja kwa KeteNane: Salaam inayojulikana ni gemu ya kukimbia. Mkimbizi anakimbia, anahitaji maji na chakula. Kwa aina ni ileile bodaboda uliyoiua. Karatasi yako haikutakiwa kuua gemu ya kukimbia. Ilitakiwa ikuulize anakimbia nini na kwenda wapi.

#26 KeteNane
Hii nimeisoma mara tatu. Asante.

#27 Ngedere_wa_Muheza
Nami namvulia kofia Mayen. Lakini wakuu, tunahesabu waliofika ng'ambo tu. Wangapi walikuwa na tunu nzito kuliko zake na wamekufa na mafolda yao? Hao hakuna anayewaandika. Mtoa mada mwenyewe alikuwa na Maji Maji, tunu tupu ile, babu zetu na damu yao. Imefika wapi? Kurasa 40 na mhusika hajui kuruka. Kilichoua si kukosa tunu, ni ukubwa.

#28 Mhasibu_wa_Pikseli
Nakubaliana nusu. Celeste ya 2018 ilianza kama kagemu ka siku nne mwaka 2015, na ndiyo watu wanaisifu kwa namna inavyogusa wasiwasi wa moyo. Kwanza udogo, maana ikaja baadaye.

#29 Luku_Imeisha
Na mimi jana nimekaa mpaka saa nane usiku naandika kodi.

#30 Siti_ya_Mbele
Pole mkuu, TRA wamekuja na nyumbani?

#31 Luku_Imeisha
Nilijua tu. Code ya kompyuta, si ya TRA. Haya, "msimbo". Mwalimu ameridhika?

#32 Mwalimu_Mstaafu
Mwalimu ameridhika.

#33 KeteNane
Wakuu nimerudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda kwa babu Pangani na laptopu na simu, nikakaa siku tisa. Nimeanza bao kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na mashine yangu inaiweza.

Niliyoyaona:

Nilimpa simu acheze toleo la kwanza. Mashimo 32, kete zipo, unagusa shimo zinajisambaza. Babu hakugusa. Aliweka vidole vitatu juu ya shimo akavivuta kama anayezoa kete. Simu ikakaa kimya. Akazoa tena. Kisha akaniuliza, "Mbona hazilii?" Nikamwambia betri ipo, babu. Akasema, "Kete. Hazilii." Nikakaa usiku kucha na kikombe cha bati na kete halisi, narekodi kete moja moja ikidondoka kwenye mti. Asubuhi yake akazoa, zikalia, akacheka mpaka akakohoa.

Halafu kosa. Mashimo yangu 16 nimeyapanga kama daladala ya mzunguko, 0 hadi 7 mbele, 8 hadi 15 nyuma. Nilisahau kwamba baada ya 15 unarudi 0. Kete ikifika mwisho wa mstari inatoka nje ya dunia. Zimebaki 63 badala ya 64. Nilihangaika siku mbili. Babu alikuwa anasema tu "bao lako lina mwizi".

Sijui kama ni tunu au ni aibu ya ule muamala mmoja. Ila sijawahi kufika mbali hivi.

#34 BintiShomari
"Bao lako lina mwizi" 😭 Weka hilo liwe jina la gemu.

#35 Mwana_Darajani
Maashallah. Lakini niambie, umeanza na mpango gani? Bao la Kiswahili kila mtu anakuwa na kete 6 nyumbani (lile shimo kuu), 2 na 2 pembeni yake, na 22 mkononi. Unanamua kwanza, yaani unaingiza za mkononi moja moja mpaka ziishe, ndo hatua ya pili, mtaji. Nyumba ina sheria zake, kichwa na kimbi (mashimo ya miishoni mwa mstari wa mbele) vina sheria zake, kutakata (kucheza bila kula) kuna sheria zake. Umeyaandika hayo yote?

#36 KeteNane
Hapana shekhe. Kwa sasa nimeweka 2 kila shimo.

#37 Ngedere_wa_Muheza
HAPO! Mbili kila shimo, hakuna za mkononi. Hilo ni bao la kujifunza, wanaloanzishiwa watoto kabla hawajapewa la Kiswahili. Wazee wenyewe walikuwa na STULI. Nimekaa kimya wiki tatu nasubiri siku hii.

#38 Mwana_Darajani
Ngedere umepata, lakini mzee wa miaka 81 humpi bao la kujifunza. Ni kumtukana. Ikiwa tunu ya kijana ni wazee, basi aandike la Kiswahili hata akitumia miaka miwili.

#39 KeteNane
Babu alisema hivyohivyo. Alicheza kwa adabu siku tatu, halafu akauliza "la watu wazima linakuja lini?"

#40 Mhasibu_wa_Pikseli
Tahadhari ya kiufundi. Ukifika la Kiswahili, programu inaweza kuganda: kete zinazungushwa, zinaokotwa, zinazungushwa tena bila kukoma. Usianze kutafuta mwizi. Mzunguko usio na mwisho umo kweli ndani ya bao la Kiswahili, waliolichunguza kwa kompyuta wanaufahamu. Weka kikomo, ikizidi mizunguko kadhaa mashine isimame. Kisha muulize babu nani anahesabiwa mshindi.

#41 Kijani_Kibichi
Swali la pembeni: kuiweka Play Store ni shilingi ngapi?

#42 Luku_Imeisha
Dola 25 mara moja tu. Ila akaunti mpya ya mtu binafsi wanataka kwanza wajaribu watu 12 kwa siku 14 mfululizo. Walianza na 20, wakapunguza.

#43 Siti_ya_Mbele
Wa kwanza mimi. Mkeka bado upo.

#44 Kando_ya_Nile
Mimi wa pili. Huku tuna omweso, mashimo 32 vilevile, tutalinganisha.

#45 Msee_wa_Rongai
Wa tatu. Lakini utakula nini, KeteNane? Weka hata tangazo dogo pale chini.

#46 KeteNane
Msee nilimuuliza babu, nikamwonyesha mfano wa tangazo. Akalizoa kwa vidole vitatu, likafungua duka la viatu. Nimelitoa. Hela nitaitafuta kwenye bodaboda, nimeifufua folda, Kando ya Nile amenipa wazo la anakokwenda.

Sasa nina ugomvi mwingine nyumbani. Mpwa wangu wa miaka 9 anataka kitufe cha kurudisha kete ukikosea. Babu anasema kete ikishatua imetua. Nifuate nani?

#47 BintiShomari
Mtoto.

#48 Mwana_Darajani
Mzee, bila mjadala.

#49 Ngedere_wa_Muheza
Kitufe kiwepo kwenye la kujifunza, kisiwepo kwenye la watu wazima.

#50 KeteNane
Nimemsomea babu jibu la Ngedere. Ameuliza huyo Ngedere ni wa kwa nani pale Muheza, na anacheza bao au anaongea tu.